Pua ya Darwin na nguo za usaili

Mwaka 1831 Charles Darwin alikuwa kijana wa miaka 22 aliyetoka Cambridge, bado hana jina lolote katika sayansi. Nahodha Robert FitzRoy alikuwa anatafuta msomi wa kufuatana naye katika meli ya Beagle, na walipoonana macho ya nahodha yakaishia puani. FitzRoy aliyaamini mafundisho ya Lavater, mchungaji wa Uswisi aliyedai kwamba tabia ya mtu husomeka katika umbo la uso wake, na kwa pua ile akaingiwa na shaka kama kijana huyu angekuwa na nguvu na msimamo wa kustahimili safari. Darwin ameyasimulia haya mwenyewe katika kumbukumbu za maisha yake. Nusura aachwe bandarini. Meli iling'oa nanga tarehe 27 Desemba 1831, ikarudi baada ya karibu miaka mitano, na yale aliyoyaona safarini ndiyo yaliyomwelekeza kwenye nadharia ya uteuzi asilia.

FitzRoy hakuwa mjinga. Alikuwa hodari wa kuchora ramani za pwani, na baadaye akawa miongoni mwa waasisi wa utabiri wa hali ya hewa nchini Uingereza. Mtu aliyezoea kupima kina cha bahari kwa kamba na risasi aliridhika kumpima binadamu kwa jicho tu. Hilo ndilo linalonisumbua, kwa sababu namwona mtu wa namna hiyo kila mara nikikaa kwenye jopo la usaili: mtafiti makini, asiyekubali grafu isiyo na makadirio ya kosa, anamwangalia kijana akiingia mlangoni na kabla hajaketi amekwisha kuamua.

Mimi ni mwanakemia, na wanafunzi wanaomaliza shahada huniuliza swali moja kuliko mengine yote: nivae nini? Wanauliza kwa sauti ya chini, kana kwamba ni swali la aibu. Wameshapewa majibu mawili. Mmoja amewaambia sayansi haiangalii sura, inaangalia data, vaa upendavyo. Mwingine amewaambia wavae suti na wanyoe au wabane nywele, kwa kuwa unadhifu ndio heshima. Naona yote mawili yanawaacha njia panda. La kwanza si kweli, na la pili linamtwisha mwanafunzi mzigo ambao sehemu kubwa yake si wake.

Tuanze na la kwanza. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Princeton walionyesha kwamba sehemu moja ya kumi ya sekunde inatosha kwa mtu kuamua kama sura iliyo mbele yake ni ya mtu mwaminifu au mwenye uwezo. Muda ukiongezwa, kinachoongezeka zaidi ni uhakika wa mwamuzi. Nyuma zaidi, mwaka 1974, David Landy na Harold Sigall waliwapa wanafunzi wa kiume insha za kusahihisha, baadhi zikiwa zimeambatanishwa na picha ya mwandishi wa kike. Insha zilizokuwa na picha ya mrembo zilipata alama nzuri zaidi, na tofauti ilikuwa kubwa hasa pale insha yenyewe ilipokuwa mbovu. Mkumbuke jambo hilo. Kazi ikiwa nzuri na ikionekana kuwa nzuri, uso haukuwa na mengi ya kuongeza.

Halafu kuna nguo. Mwaka 2020 Dongwon Oh, Eldar Shafir na Todorov huyo huyo walichapisha majaribio ambamo watu walionyeshwa sura zilezile zikiwa na mavazi yanayoonekana ya kitajiri kidogo au ya kimaskini kidogo. Sura iliyovikwa vizuri zaidi ilihesabiwa kuwa ya mtu mwenye uwezo zaidi. Watu waliambiwa wasizingatie nguo, wengine wakaahidiwa zawadi wakifanikiwa kutozizingatia, na bado hawakuweza. Kwa hiyo yule anayemwambia kijana avae suti kwa sababu ya unadhifu, mara nyingi bila kujua, anazungumzia pesa. Shati la mtumba lililofuliwa na kupigwa pasi ni nadhifu kabisa. Ila jicho la jopo linaona bei.

Mnaweza kusema hayo ni mambo ya watu kwa jumla, wanasayansi ni tofauti. Mwaka 2017 watafiti wa Cambridge na Essex walichukua picha za wanasayansi halisi wa Marekani na Uingereza, wakawauliza watu wasiowafahamu maswali mawili: ungependa kujua zaidi kuhusu utafiti wa nani, na nani anaonekana kuwa mwanasayansi mzuri? Waliovutia kwa sura walipendwa katika swali la kwanza. Katika la pili mambo yaligeuka: waliohesabiwa kuwa wanasayansi wazuri ni wale walioonekana wenye uwezo na maadili, lakini wasiovutia sana. Yaani uso uleule unaokufungulia mlango wa redio na televisheni unaweza kupunguza imani ya watu katika kazi yako.

Picha hiyo ya mwanasayansi asiyejali mwili wake tunapewa tukiwa wadogo. David Wade Chambers alikusanya kati ya mwaka 1966 na 1977 michoro ya watoto 4,807 walioombwa wachore mwanasayansi. Koti jeupe, miwani, ndevu, chupa za maabara. Wanawake waliochorwa walikuwa 28, na wote walichorwa na wasichana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, ukiunganisha tafiti za miongo mitano, ulionyesha kwamba tangu miaka ya 1980 sehemu ya wanawake katika michoro hiyo imepanda hadi karibu asilimia 28. Ni hatua, na naifurahia. Lakini watoto wa miaka ya 1970 ndio wazee wa idara leo.

Na zile nywele za Einstein? Kila mjadala wa mwonekano katika sayansi lazima afike Einstein, nywele timtim, miguu bila soksi. Itafuteni picha yake ya miaka ile alipokuwa karani katika ofisi ya hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, mjini Bern, karibu na mwaka 1905 alipotoa makala zilizobadilisha fizikia. Nywele nyeusi zimechanwa, masharubu yamepunguzwa, suti imemkaa. Alikuwa baba mwenye familia na kazi ya serikali, na alikuwa ametafuta nafasi ya chuo kikuu kwa muda mrefu bila kuipata. Nywele zile tunazozijua zilikuja baadaye, na ulimi ule alioutoa mbele ya mpiga picha ulikuwa wa mwaka 1951, siku aliyotimiza miaka 72, akiwa na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kutojali mwonekano kulikuwa haki aliyoipata baada ya dunia kumwamini, na tunawaambia vijana waanze nayo.

Nimeshuhudia jambo hili likijirudia. Mtafiti mwanamume mwenye machapisho mengi aliwahi kutoa mhadhara idarani kwetu akiwa na sweta iliyotoboka kiwikoni, na kwenye chai watu wakasema: huyo kichwa kweli, hana muda na mambo madogo. Mwezi huohuo msichana aliyekuwa anaomba nafasi ya uzamivu alitoa wasilisho zuri kuhusu vichocheo, akajibu maswali bila kubabaika. Mtu wa kwanza kuzungumza baada ya yeye kutoka alizungumzia kucha zake, zilizokuwa na rangi. Hakuna aliyeziona zikiharibu sampuli yoyote. Ziliandamwa kwa kuwa zilionyesha kwamba anajali jambo jingine nje ya kemia, na kwa mwanamke hilo bado huhesabiwa kuwa upungufu.

Mwaka 2016 Sarah Banchefsky na wenzake walilichunguza hili kwa picha za wahadhiri halisi wa sayansi na uhandisi nchini Marekani. Washiriki hawakuambiwa ni akina nani. Kadiri mwanamke alivyoonekana kuwa na sura ya kike zaidi, ndivyo alivyokadiriwa kuwa na uwezekano mdogo wa kuwa mwanasayansi na mkubwa wa kuwa mwalimu wa watoto wadogo. Kwa wanaume sura ya kike haikuleta tofauti ya namna hiyo. Wote waliokuwa pichani walikuwa wanasayansi.

Mwanamke asiyejipamba naye haponi. Rosalind Franklin, mwanakemia wa Uingereza, alifariki mwaka 1958. Miaka 10 baadaye James Watson, katika kitabu chake kuhusu ugunduzi wa umbo la DNA, alimweleza kwa nguo zake na kwa kutopaka rangi ya midomo, kana kwamba hilo lilihitajika ili kuelewa picha za eksirei ambazo Franklin na mwanafunzi wake Raymond Gosling walizipiga kwa ustadi uliowashinda wengine. Kwa upande wa pili yupo Hedy Lamarr, mwigizaji aliyesifiwa kwa uzuri wake duniani kote. Mwaka 1942 yeye na mtunzi wa muziki George Antheil walipata hataza ya njia ya kurusharusha masafa ya redio ili adui asiweze kuvuruga mawimbi yanayoongoza topido, yaani kombora la majini. Jeshi la majini la Marekani likauweka uvumbuzi huo kando, na yeye akatumika kuuza hati za dhamana za vita kwa umaarufu wa sura yake. Mmoja alilaumiwa kwa kutojipamba, mwingine uzuri wake ukafunika akili yake. Mtu anayetafuta kipimo sahihi cha kujipamba kati ya hao wawili hatakipata, kwa kuwa hakipo.

Nywele ziko katika fungu hilohilo. Christy Zhou Koval na Ashleigh Shelby Rosette walichapisha mwaka 2020 majaribio yaliyoonyesha kwamba wanawake weusi wenye nywele zao za asili, yaani afro, misuko au rasta, walihesabiwa kuwa si rasmi na hawana uwezo kama wale walionyoosha nywele, na walipendekezwa kwa nadra zaidi kuitwa kwenye usaili, hasa katika kazi zenye desturi kali za mavazi. California ilikuwa imepitisha sheria mwaka 2019 ya kukataza ubaguzi wa aina hiyo kazini na shuleni. Kwetu sisi watu wa sayansi kuna madhara mengine, ya kwenye data yenyewe. Vifaa vya kupima umeme wa ubongo hutegemea elektrodi zigusane na ngozi ya kichwa, na vingi vilibuniwa bila kufikiria nywele nene za kipilipili. Matokeo yake, watu wenye nywele hizo wameachwa nje ya tafiti za ubongo kwa sababu tu mawimbi yao hayakusomeka vizuri. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walibuni vishikizo vya elektrodi vinavyokaa kati ya mistari ya nywele zilizosukwa, na wazo lilitoka kwa mtu aliyekuwa na nywele za namna hiyo mwenyewe. Mwambieni huyo anyooshe nywele aonekane rasmi, muone tumepoteza nini.

Sasa niseme mahali ambapo mwonekano una haki ya kuamriwa. Mwishoni mwa mwaka 2008, katika maabara moja ya chuo kikuu huko California, msaidizi wa utafiti alikuwa anavuta kwa sindano kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa. Alikuwa amevaa sweta ya nyuzi za sintetiki na hakuwa na koti la maabara. Sweta ilishika moto. Alifariki wiki chache baadaye, mwanzoni mwa 2009. Mwaka 2011 mwanafunzi mmoja nchini Marekani alifariki usiku kwenye karakana ya chuo chake baada ya nywele zake kunaswa na mashine ya kukereza. Ninapomwambia mwanafunzi afunge nywele, avue bangili, avae viatu vilivyofunika vidole na suruali ya pamba, ninawakumbuka hao wawili na sina mjadala. Mwenye ndevu akienda kwenye kazi inayohitaji barakoa ya kuziba uso atazinyoa, kwa sababu hewa hupita kati ya ndevu na mpira. Mwenye hijabu ataifunga kwa kitambaa kisichoshika moto upesi na kuingiza ncha ndani ya koti. Kanuni hizo zinamhusu kila mtu na sababu yake inaelezeka kwa dakika moja.

Ajabu ni kwamba taasisi zinazolalamikia kucha na nywele mara nyingi hulegea hapohapo. Makoti yanaagizwa kwa vipimo vya wanaume, mikono inamfunika msichana vidole na kuingia kwenye birika la asidi, glavu ndogo zaidi bado ni kubwa, miwani ya kinga inateleza. Sijawahi kusikia jopo likihoji hilo kwa ukali ule linaohoji sketi.

Utafiti ninaoutumia zaidi nikitaka kuwaeleza wenzangu ni wa Adrian Mehic, uliochapishwa mwaka 2022. Alifuatilia alama za wanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, kabla ya janga la korona na baada ya masomo kuhamia mtandaoni. Katika masomo ya hesabu na fizikia, ambako alama hutegemea hasa mtihani wa kuandika, uzuri wa sura haukuhusiana na alama. Katika masomo yenye kazi za vikundi, mawasilisho na kuonana zaidi na mwalimu, waliovutia walipata alama za juu zaidi. Masomo yalipohamia mtandaoni, alama za wasichana waliovutia zilishuka katika masomo hayo. Za wavulana waliovutia zilibaki juu.

Hapo pana mambo ambayo bado yanajadiliwa, hasa hilo la wavulana, na ni chuo kimoja tu. Lakini umbo la matokeo linafanana na lile la insha za mwaka 1974: uso hupata nguvu pale kipimo kinapolegea. Basi nikitazama safari nzima ya mtafiti najiuliza kipimo kinalegea wapi. Kwenye mizani ya maabara hakilegei. Mchanganyiko haumjui aliyeutikisa. Kinalegea pale mhadhiri anapochagua nani aingie kwenye kikundi chake, kwenye dakika 20 za usaili, kwenye mwaliko wa kuzungumza kongamanoni, kwenye barua ya mapendekezo, kwenye mazungumzo ya korido ambayo huzaa ushirikiano wa miaka 10. Hata jina peke yake hufanya kazi ya uso. Mwaka 2012 Corinne Moss-Racusin na wenzake waliwapa wahadhiri 127 wa sayansi wasifu uleule, nusu ukiwa na jina la kiume na nusu la kike. Wa kiume alipangiwa wastani wa dola 30,238 kwa mwaka, wa kike dola 26,508. Wahadhiri wa kike walifanya vivyo hivyo.

Milango hiyo yote iko mwanzoni mwa safari, wakati kijana hana machapisho ya kumsemea. Ndiyo maana siwezi kumwambia mwonekano haujalishi.

Ninachomwambia ni hiki. Tazama picha za watu wa idara hiyo kwenye tovuti yao, uvae kama wao au uzidi kidogo. Wanajiolojia na wanahisabati huvaa kwa wepesi, watu wa kampuni za dawa na wachumi huvaa rasmi. Chagua nguo ambayo utaisahau ukishaivaa, viatu visivyobana, maana utazungushwa maabara nne huku umesimama. Usikope kwa ajili ya suti. Usiweke picha kwenye wasifu isipokuwa nchi unayoomba ina desturi hiyo na wameiomba. Nywele zako zikae kama zinavyokaa siku zako za kazi. Kuna waliosikia kwamba vazi humfanya mtu awe makini zaidi. Mwaka 2012 majaribio yalidai kwamba koti jeupe huongeza umakini, lakini jaribio mojawapo liliporudiwa mwaka 2019 kwa mpango uliosajiliwa kabla ya data kukusanywa, athari hiyo haikuonekana. Simwahidi mtu muujiza wa nguo. Muda ambao angeutumia kuhangaika dukani nampa afanye mazoezi ya wasilisho mbele yangu.

Huo ni ushauri wa kumvusha mtu siku moja. Haugusi chanzo, na naudhika pale tunapoishia hapo. Anayepima vibaya ndiye wa kurekebishwa, na sisi wa sayansi tunajua namna ya kurekebisha kipimo. Wanaastronomia wameonyesha. Kuanzia mwaka 2018 maombi ya kutumia darubini ya anga ya Hubble yalisomwa bila wasomaji kujua majina ya waombaji. Kwa miaka mingi maombi yaliyoongozwa na wanaume yalikuwa yakikubaliwa kwa kiwango cha juu kidogo kuliko ya wanawake. Katika awamu hiyo ya kwanza wanawake waliwapita wanaume kidogo. Wasomaji walisema pia kwamba mazungumzo yao yaligeuka, wakajadili swali la utafiti badala ya kujadili watu. NASA imeupeleka utaratibu huo kwenye darubini nyingine.

Uso wa msailiwa hatuwezi kuufuta, na siku moja lazima tukutane naye. Tunaweza kuuchelewesha. Katika jopo ninaloshiriki nimependekeza kwamba vigezo viandikwe kabla bahasha haijafunguliwa. Picha na majina viondolewe na mtu wa ofisi. Waombaji wapewe data ileile waichambue kwa maandishi nyumbani, na kazi hiyo isahihishwe ikiwa na namba badala ya jina. Usaili uje mwisho, maswali yaleyale kwa kila mtu, na kila mjumbe aandike alama zake kabla ya yeyote kufungua mdomo. Mtu akisema mwombaji hafanani na mtafiti, aonyeshe ni kigezo namba ngapi.

Wenzangu wawili wamepinga. Wanasema wana uzoefu wa miaka mingi na wanamjua mtafiti wakimwona. Nimewaomba tufanye kama ambavyo tungefanya na kifaa chochote kinachodaiwa kuwa sahihi: kila mjumbe aandike utabiri wake dakika ya kwanza mwombaji akiingia, karatasi zifungwe, na baada ya miaka mitatu tuzilinganishe na kazi ambayo kila mmoja ameifanya. Mmoja amekubali kutia saini. Fomu tayari ziko kwa katibu wa idara, na usaili unaofuata ni wa nafasi mbili za uzamivu.